Mikono Mia Mbili na Kumi na Moja

Mwaka wa 1973 ulipoingia, Salvacion Torrefiel alikuwa mjane wa wiki saba. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na tisa. Alikuwa na binti mmoja wa miaka tisa, na darasa la nne lenye watoto hamsini na wawili katika shule ya Tabunan, kijiji cha wakulima wa mpunga, mwendo wa saa nzima kwa gari la jipu kutoka mjini. Watu walimwita Mwalimu Bacion. Alikuwa pia katibu wa kijiji. Kazi hiyo hakuiomba. Alipewa kwa sababu mwandiko wake ulisomeka, na ule wa kapteni wa kijiji, Tibo Tabiolo, ulikuwa kama kuku aliyepita juu ya majivu. Tabiolo, Torrefiel, Tamonan, Trompeta: pale karibu kila jina la ukoo lilianza na T. Wahispania ndio waliogawa majina hayo zamani, herufi moja kwa kila mji, na hata baada ya wao kuondoka hakuna aliyejisumbua kuyabadilisha.

Mumewe, Nemesio, alikuwa seremala. Kidole tumbo kilimshika jioni moja ya Novemba, akiwa bado na vumbi la mbao kwenye nyusi. Nchi ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi tangu Septemba, na kuanzia saa sita za usiku hadi saa kumi za alfajiri hapakuwa na ruhusa ya mtu kuonekana barabarani. Mwenye jipu alisema atawapeleka hospitali saa kumi ikigonga, si kabla, maana pale darajani palikuwa na kizuizi cha askari na yeye ana watoto. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa nao usiku kucha akimpepea mgonjwa kwa kofia yake. Saa kumi ilipogonga wakaondoka, na Nemesio akakata roho kabla hawajafika mjini. Kulipopambazuka ndipo waliposikia kwamba usiku ule pale darajani hapakuwa na askari hata mmoja. Kizuizi kilikuwa gogo na taa ya chemli.

Salvacion hakulia. Siku tisa za sala zilipita, wanawake wakija na vyungu vya uji mtamu wa mchele, na ilipofika siku ya mwisho mmoja wao alimshika mkono akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba wote wameona jinsi alivyoyapokea mapenzi ya Mungu. Salvacion alimtazama. Hakuwa amepokea kitu. Alikuwa amekaa tu. Lakini kumweleza mtu tofauti ya mambo hayo mawili kulihitaji nguvu ambazo hakuwa nazo, kwa hiyo alisema asante.

Ndivyo alivyokuwa wiki ile ya pili ya Januari, Bwana Trompeta, katibu wa meya, alipofika na karatasi zake.

Habari yenyewe kila mtu alikuwa ameisikia nusunusu redioni. Katiba mpya ilikuwa imeandikwa Manila, mji mkuu. Kura ya kuipitisha au kuikataa ilikuwa imepangwa mwezi huo huo, kisha ikaahirishwa. Badala ya kura, kila kijiji kingefanya mkutano wa wananchi, mtu yeyote mwenye miaka kumi na mitano na kuendelea aje, aulizwe, ajibu. Bwana Trompeta alieleza kwamba hii ndiyo demokrasia hasa, bila wanasiasa katikati. Alikuwa mtu mnene, mwenye adabu, ambaye alikuwa amekuja kwenye mazishi ya Nemesio na kuacha shada la maua.

Watu walikusanyika kwenye uwanja wa shule tangu saa mbili asubuhi. Bwana Trompeta alifika saa tano kasorobo pamoja na mpiga picha. Jua lilikuwa limeshakaa utosini, na wazee walikuwa wamejifunika vichwa kwa taulo. Salvacion alikuwa ameandika kwenye daftari majina mia tatu ishirini na sita.

Maswali yalikuwa kwa Kiingereza. Kapteni Tibo ndiye aliyetafsiri, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia mpunga. Kwanza Bwana Trompeta aliuliza, bila kusoma popote, kama watu wa Tabunan wanataka barabara yao iwekwe lami. Mikono yote ikapanda. Wengine waliinua miwili. Mpiga picha akapanda juu ya kiti akapiga picha tatu, akashuka, akaenda kunywa maji. Kisha Bwana Trompeta akafunua karatasi.

"Anauliza," Kapteni Tibo alisema, akijikuna shingo, "kama mnaikubali ile sheria kubwa mpya."

Watu walitazamana. Nang Ising Tamonan, yaani Dada Ising, mjane wa siku nyingi aliyeuza keki za mchele pale kivukoni, alisimama akikung'uta sketi yake.

"Ndani yake mna nini?"

Bwana Trompeta alijibu mwenyewe, kwa lugha yao, kwamba imechapishwa yote gazetini, neno kwa neno.

"Gazeti mimi nafungia keki, baba. Nikae nisome kila karatasi, keki nitauza lini?"

Watu wakacheka, na Bwana Trompeta akacheka nao, kwa kuwa hakuwa mtu wa makuu. Ila swali hakulijibu. Nang Ising alingoja kidogo, akaketi. Basi Kapteni Tibo akawaambia wanaokubali wainue mikono, na Salvacion akaanza kupita kati ya mistari na kalamu yake ya risasi.

Haikuwa kazi rahisi. Watu walikuwa wamechoka, mikono ikipanda na kushuka, huyu akijipepea, yule akimwita mtoto. Wengine waliuliza kama hii bado ni ile ya lami. Alipofika mia na arobaini alipoteza hesabu, akarudia. Akapoteza tena. Mara ya tatu alipata mia mbili na kumi na moja. Bwana Trompeta akauliza wasiokubali ni akina nani. Hakuna mkono uliopanda. Hata wa Nang Ising haukupanda. Alikuwa amekwisha kugeukia kikapu chake.

Fomu ilikuwa imepigwa chapa tayari kutoka mjini. Mahali pa "Hapana" palikuwa na sifuri. Mahali pa "Ndiyo" palikuwa wazi, na chini yake mstari wa sahihi ya katibu wa kijiji.

"Mia mbili na kumi na moja," Salvacion alisema.

"Waliohudhuria ni wangapi, Mwalimu?"

"Mia tatu ishirini na sita, kwa daftari."

"Waliokataa?"

"Hakuna."

"Basi hesabu si imejifunga yenyewe? Asiyekataa amekubali." Alisema bila kumkazia, kama mtu anayemsaidia mwenzake kufunga mzigo. "Watu wako juani tangu asubuhi."

Salvacion aliiona hesabu ile ilivyokuwa. Mtoto wa darasa la nne angemletea hesabu kama hiyo angeikata kwa wino mwekundu na kumrudisha akatoe tena. Aliiona wazi kabisa, kama mtu anavyoona kitu chini ya maji maangavu asiyotaka kutia mkono. Akaandika 326. Akaandika jina lake lote, kwa mwandiko ule mzuri, na Bwana Trompeta akapuliza wino ukauka. Watu wakaenda zao kupika. Mchana alisahihisha madaftari ya imla.

Baada ya siku chache redio ilitangaza kwamba wananchi, mamilioni kwa mamilioni, wameipitisha katiba mpya. Binti yake, Vangie, alikuwa akimenya mihogo.

"Mama, na wewe umo humo?"

"Nimo."

"Mbona hukuinua mkono? Nilikuwa dirishani nakuangalia."

"Nilikuwa nahesabu."

Vangie akaendelea na mihogo yake.

Katikati ya Februari, Jumamosi, Salvacion akiwa anafua kwenye pampu ya maji, akaja mwanamume aliyevaa shati jeupe lililolowa jasho mgongoni. Alijitambulisha kuwa ni Wakili Villaruz, kutoka Iloilo mjini. Mkono mmoja alibeba mfuko wa karatasi, mwingine taipureta ndogo ndani ya sanduku lake. Alikuwa amezunguka vijiji tisa. Alikuwa amekwisha kumwona Kapteni Tibo, na kapteni alikuwa amemwambia kwamba tangu utotoni kumbukumbu yake ni mbovu.

Walikaa mezani. Wakili alieleza kwamba kuna watu waliofungua kesi katika mahakama ya juu kabisa huko Manila, wakisema katiba mpya haikupita. Hawabishani kama ni nzuri au mbaya. Wanauliza tu ilipitaje. Katiba ya zamani ilisema kwamba ikibadilishwa, ibadilishwe kwa kura ya watu, na kura maana yake karatasi, sanduku, siri, na watu wenye umri wa kupiga kura. Mikono juani si kura. Mahakama itahitaji watu waliokuwepo waseme waliyoyaona.

"Wengine wote wamekataa," alisema. "Siwezi kukulaumu na wewe ukikataa."

Salvacion alimwuliza kama atakunywa kahawa. Kisha akamweleza yote kwa mfululizo: saa mbili, saa tano kasorobo, swali la lami, mia mbili na kumi na moja, mia tatu ishirini na sita. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kusoma orodha ya mahudhurio. Wakili alipiga chapa haraka, kwa vidole vinne. Alipomaliza alimsomea. Alifika mahali palipoandikwa kwamba shahidi alitia sahihi kwa hofu ya kukamatwa, na Salvacion akamsimamisha.

"Hilo sikusema."

"Ulitia sahihi hesabu usiyoihesabu, Mwalimu. Mbele ya mtu wa serikali, wakati wa sheria ya kijeshi."

"Ndiyo. Lakini sikuogopa."

"Kila mtu anaogopa."

"Mimi sikuogopa. Pengine nilipaswa. Sikuwa na hofu, sikuwa na kitu chochote. Andika nilikuwa nimechoka."

Wakili alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. Alisema kwa upole kwamba sheria inaijua hofu. Mtu akitia sahihi kwa hofu, sahihi yake ina neno la kusema mahakamani. Uchovu sheria haina mahali pa kuuweka. Aliyetia sahihi kwa kuchoka ametia sahihi tu.

"Basi acha pawe wazi," Salvacion alisema. "Nisije nikaapa uongo wa pili kuondoa wa kwanza."

Ukurasa ukapigwa upya bila hofu. Salvacion akausoma mstari kwa mstari, akasahihisha tahajia ya jina la kijiji, na Jumatatu baada ya shule akapanda jipu hadi Iloilo kuapa. Mwenye jipu ni yule yule. Alikataa nauli, kama alivyokuwa akiikataa tangu Novemba.

Hukumu ilitoka mwishoni mwa Machi. Barua ya Wakili Villaruz ilifika wakati wa likizo, fupi, na mstari wake wa kwanza ulikuwa huu: tumeshinda hoja, tumeshindwa kesi. Majaji kumi walikuwa wameketi. Sita kati yao walisema kwamba katiba ile haikupitishwa kwa njia ambayo sheria ilitaka. Lakini sita, si wale wale wote, walisema kesi itupwe. Baadhi walisema watu wameipokea kwa jinsi wanavyoendelea na maisha chini yake. Wengine wawili walisema hawawezi kujua kama wameipokea, maana watu walio chini ya sheria ya kijeshi kimya chao hakisomeki. Kesi ikiisha kutupwa, hakuna kizuizi tena kilichobaki, na katiba inafanya kazi.

Aliisoma barua ile kwa sauti kwenye benchi la Nang Ising kwa sababu Kapteni Tibo alimwomba. Kapteni alisikiliza hadi mwisho, akiwa ameshika keki mkononi.

"Kwa hiyo wanasema hatukupiga kura."

"Ndiyo."

"Lakini tumekubali."

"Wengine wao wamesema hivyo."

"Kwa kuwa tumenyamaza." Kapteni alimung'unya keki yake. "Kama mimi na mke wangu. Nilimwuliza mara moja, akanyamaza. Leo tuna watoto saba."

"Mkeo hakunyamaza, Tibo," alisema Nang Ising. "Ulikuwa umelewa, hukusikia."

Wakacheka, na Salvacion akacheka kidogo pia, kwa adabu. Lakini njiani kurudi nyumbani jambo lile lilimzunguka kichwani. Alijaribu kulishika kama mtu anavyojaribu kushika sindano kwa kidole kilichokufa ganzi. Majaji wa Manila, watu waliosoma maisha yao yote, walikuwa wamemwangalia kutoka mbali kama wale wanawake wa siku ya tisa. Anaamka. Anapika. Anafundisha, anaimbisha wimbo wa taifa. Basi ameyapokea. Na yeye angewaambia nini? Ni kweli aliamka, na ni kweli alipika. Mtu asiyepokea hufanyaje? Hulala asiamke? Hulia? Vangie alihitaji kula. Akaokota kuni.

Mwezi wa Juni, shule zilipofunguliwa, akapata barua ya uhamisho kwenda Igdalupang, shule ya vyumba viwili huko milimani, saa tatu kwa miguu kutoka pale barabara inapokomea. Barua ilisema ni kwa mahitaji ya kazi. Neno la kiapo halikuandikwa, wala hakuna mtu aliyelitamka. Kapteni Tibo alikuja na nyati wake wa kufugwa na mkokoteni kumbebea kitanda, meza ya Nemesio na mapipa mawili ya vyombo.

"Ningekuwa na kumbukumbu nzuri," alisema akikaza kamba, "tungehamishwa wote, tukafungua kijiji chetu."

Hakumtazama usoni. Salvacion alimshukuru kwa nyati.

Igdalupang watu walilima mahindi na kahawa, na wakati wa mvua njia ilikuwa mto. Vangie alikaa naye miaka mitatu, kisha akaenda kwa shangazi yake Iloilo kwa masomo ya sekondari, na baadaye ya ukunga. Salvacion akabaki peke yake na vyumba viwili, darasa la kwanza hadi la tatu upande mmoja, la nne hadi la sita upande wa pili, akipita mlangoni kutoka upande mmoja hadi mwingine siku nzima. Alifundisha katiba mpya, kwa sababu ilikuwa kwenye mtaala. Watoto walikariri utangulizi wake kwa Kiingereza wakiyumba kama wanaopiga makasia.

Kura zilikuja tena na tena. Walimu ndio waliozisimamia kila mahali, na huko hapakuwa na mwalimu mwingine. Wananchi waliulizwa kama Rais aendelee. Waliulizwa kama sheria ya kijeshi iendelee. Waliulizwa juu ya vifungu ambavyo hata maofisa walioleta karatasi hawakuweza kuvieleza. Ndiyo ilishinda kila mara, kwa wingi usiomshangaza mtu. Salvacion alijaza fomu zote. Hakukataa kazi hiyo hata siku moja, wala hakuiamini. Aliifanya kama mtu anavyofagia uwanja wa nyumba ya kupanga. Siku moja alihesabu kwamba ameweka sahihi yake chini ya ndiyo za watu mara sita. Hakusikia aibu. Alingoja aibu ije, haikuja, akaenda kulisha kuku.

Kapteni Tibo alikufa mwaka wa 1984. Bwana Trompeta alistaafu. Februari 1986 redio ilijaa sauti za watu barabarani Manila, watawa na vijana mbele ya vifaru, kisha ikasemwa kwamba Rais ameondoka na familia yake kwa ndege. Igdalupang watu walikusanyika kwenye redio ya Nong Paterno, yaani Kaka Paterno, mkulima wa kahawa aliyekuwa na betri nzuri. Wengine walipiga makofi. Salvacion alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akarudi shuleni kwa kuwa ilikuwa Jumatano.

Katiba nyingine ikaandikwa. Vitabu vyake vilifika mwezi wa Novemba, vidogo, vyenye jalada jepesi, na kwa mara ya kwanza vilikuwa kwa lugha yao. Wapigakura walikuwa mia na sitini, na vitabu vilikuwa kumi na viwili. Afisa aliyevileta alisema vigawiwe kwa viongozi. Salvacion aliviweka mezani siku mbili. Siku ya tatu aliwaambia watoto wawaambie wazazi wao kwamba Jumapili saa tisa alasiri mwalimu atakisoma kitabu hicho darasani, ukurasa kwa ukurasa, na atakayetaka aje.

Kwa nini alifanya hivyo hakujua mwenyewe. Hakuwa na moto wowote moyoni. Ilikuwa kazi ambayo haikufanywa mara ya kwanza, basi.

Jumapili ya kwanza walikuja watu kumi na mmoja, wawili wakilala. Ya pili ishirini na sita. Ya nne walijaa hadi dirishani, wengine na mahindi ya kupukuchua mapajani, na punje ziliendelea kudondoka kwenye bakuli alipokuwa akisoma habari za mahakama na bunge na haki ya mtu kutokamatwa bila hati. Waliposikia jambo wasilolielewa walimkatiza. Alirudia. Mahali pengine alisema hata yeye haelewi, na hilo liliwapendeza sana.

Vangie, ambaye sasa alikuwa mkunga, alipanda milima kuja Krismasi, akamkuta mama yake amekaa na kitabu, akipiga mistari kwa kalamu.

"Ile ya kwanza nayo uliisoma hivi?"

"Niliifundisha miaka kumi na mitatu," Salvacion alisema. "Kuisoma sikuisoma."

Jumapili walipofika kwenye sura ya ardhi, Nong Paterno aliinua mkono kama mtoto wa shule. Alikuwa analima shamba la mtu aliyekaa mjini Bacolod, kama baba yake, na babu yake.

"Soma tena hapo pa wanaolima."

Alisoma tena. Ilisema kwamba wakulima wasio na ardhi wana haki ya kumiliki ardhi wanayoilima.

"Vizuri. Na mstari unaofuata?"

Mstari uliofuata ulisema kwamba hayo yatafuata masharti na vipaumbele ambavyo bunge litaweka.

"Bungeni wanakaa akina nani?"

"Watakaochaguliwa."

"Mwalimu."

"Wenye ardhi, wengi wao," Salvacion alisema.

"Basi mkono wa kulia wananipa, wa kushoto wananipokonya. Mimi nitasema hapana."

Kukawa na kelele. Mke wake mwenyewe alimpinga: alisema heri ahadi iliyoandikwa kuliko ile ya mdomo, na kwamba miaka yote hii hakuna aliyemwandikia hata hiyo. Kijana mmoja alisema akipiga hapana, askari watarudi. Mwingine alisema askari hawakuondoka. Walibishana hadi kuku walipoanza kupanda juu ya miti, na mara mbili Salvacion alilazimika kugonga meza kwa rula. Alipoulizwa yeye mwenyewe atapiga nini, alisema kura ni siri. Mtu mmoja alimtania kwamba anaogopa, akasema hapana, haogopi, na ilikuwa kweli.

Tarehe mbili Februari walipiga kura pale pale shuleni, kwa karatasi, sanduku, na shuka lililotundikwa kama pazia. Walikuja watu mia na thelathini na mmoja. Jioni Salvacion na wasaidizi wake wawili walihesabu mbele ya kila aliyetaka kutazama, wakichora vijiti ubaoni vitano vitano. Ndiyo tisini na saba. Hapana thelathini na nne. Alirudia hesabu mara ya pili, akapata hiyo hiyo.

Nong Paterno alikuwa amesimama mbele kabisa, kofia mkononi, akikitazama kile kikundi kidogo cha vijiti.

"Changu ni kipi?"

"Haijulikani, Nong. Ndiyo maana ya siri."

"Basi vyote ni vyangu," alisema, akavaa kofia yake. Hakuonekana kama mtu aliyeshindwa. Alimngoja mkewe mlangoni wakateremka pamoja, wakiendelea kubishana.

Kesho yake alfajiri Salvacion na wanaume wawili walilibeba sanduku kuteremka mlimani, saa tatu za utelezi, kisha jipu hadi mjini. Karani wa kupokea matokeo alikuwa mwanamke mchanga mwenye kikohozi. Alinakili namba, kisha kalamu yake ikasimama.

"Hapana thelathini na nne? Kijiji kidogo hivyo? Mlikuwa na shida gani huko juu?"

"Hatukuwa na shida. Walikisikiliza chote."

Karani aligonga mhuri. Salvacion akasoma fomu yote tangu juu hadi chini kabla ya kutia sahihi, na waliokuwa nyuma yake kwenye mstari walianza kuguna, akaendelea kusoma. Alipotoka nje ilikuwa karibu saa saba. Wanaume wale wawili walikuwa wamekwenda kutafuta mbolea. Alisimama kwenye ngazi za ofisi ya mji akingoja kuona kama angesikia jambo lolote, furaha au hasira au machozi ambayo watu walikuwa wakimdai tangu siku ile ya tisa. Hakusikia chochote cha namna hiyo. Alisikia njaa. Akavuka barabara, akaagiza bakuli la tambi za mchuzi na maini, akala yote, na alipoulizwa kama ataongezewa mchuzi akasema ndiyo.